Kwenye kodi wananijua niko Dar, kwenye msimu wa pili hawanijui

Hii aplikesheni ya tamthilia na muvi nimeitumia miezi mitano, miwili nikiwa Muscat kwa akaunti ya dada yangu na mitatu hapa Dar kwa hela yangu mwenyewe, kwa hiyo naomba mtu asinijie juu kwamba nimeifungua siku moja nikakimbilia kuisema. Jina siliweki. Wanaoitumia wataijua hata nikieleza nusu, na wasioitumia wala wasihangaike kuitafuta mpaka wamalize kusoma.

Naipa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili kazipata kihalali kabisa. Picha iko safi hata intaneti ikiyumba, inashuka ubora taratibu haikati ghafla, ukiacha katikati ukirudi kesho inakuanzia palepale ulipoishia, na sehemu ya watoto ina namba ya siri ya kweli sio ile ya geresha. Bando nalo halilambwi ovyo ukiiweka ubora wa chini, na hapa mjini hilo ndo la kuuliza kwanza kabla ya lolote, maana saa moja tu ya HD inaweza kumeza GB 3 na wewe ndo umenunua bando la wiki. Hayo mazuri yake nimeyamaliza, sasa niwaambie nyota tatu zilikopotelea.

Nilienda Muscat kumuangalia dada, kajifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji, shemeji kazi zake za zamu, mama miguu inamsumbua hawezi safari, basi ikaniangukia mimi mdogo mtu. Wanakaa Al Khoud. Mchana kupika uji na kuogesha mtoto, usiku mtoto anaamka saa nane, saa tisa, saa kumi, na mkiwa macho saa hizo mtafanya nini kama sio kuwasha TV kwa sauti ya chini. Dada akaniwekea tamthilia ya Kituruki, ile ya familia yenye kiwanda cha nguo na mama mkwe anayesikiliza mlangoni, mimi nikasema mie hizi za mama mkwe nimezichoka, tunazo za kutosha kwenye TV za kwetu tena zenye sauti za Kiswahili. Baada ya siku mbili nikawa mimi ndo namwamsha dada hata mtoto akiwa kalala. Yeye anasoma sabutaito za Kiarabu, mimi nasoma za Kiingereza, kila mtu na mstari wake, akicheka kabla yangu najua Kiarabu kimetangulia.

Tukamaliza msimu wa kwanza. Tukaingia wa pili, tukafika episodi ya 14, tiketi yangu ikafika. Dada akanionea huruma akanishushia episodi kumi kwenye tablet yake ya zamani, kuanzia ya 15 mpaka ya 24, akanipa na tablet yenyewe, akasema mdogo wangu hii utaangalia kwenye ndege na zitakazobaki utamalizia nyumbani, mimi nitakusubiri kwenye ya 24 tuendelee pamoja. Tukakubaliana hivyo, kama watu wenye akili.

Kwenye ndege niliangalia tatu. Safi kabisa, hazikugoma hata sekunde. Tumetua Dar, nimesimama kwenye foleni ya uhamiaji pale Terminal 3, foleni ndefu, nikasema ngoja niwashe data kwenye simu niipasie tablet nimwambie dada nimefika. Meseji ikaenda. Nikarudi kwenye aplikesheni niendelee na ya 18 foleni ikiwa bado mbali, nikakuta episodi zote saba zilizobaki zimekuwa za kijivu. Zipo, nafasi ya kwenye tablet zimeijaza vilevile, picha ndogo ya mama mkwe naiona, lakini nikigusa inakuja sentensi moja tu kwamba kipindi hiki hakipatikani katika eneo lako. Yaani kitu nimekibeba mkononi kama nilivyobeba ile halua kwenye begi, forodha wa halua hakuniuliza kitu, forodha wa tamthilia kanikamata hata sijagonga mhuri.

Nikasema pengine ni kwa sababu akaunti ni ya Oman. Nikajiona mjanja, nikaamua kufungua yangu.

Na hapa ndo kwenye lalamiko langu lenyewe, hayo ya uwanja wa ndege ilikuwa utangulizi. Nilifungua ukurasa wao wa kujiunga nikiwa nimekaa kwangu Magomeni, kwa laini ya hapa, bei imeandikwa kwa ajili ya Tanzania, na picha kubwa waliyoiweka pale juu kunikaribisha ni ya nani? Ni ya yule yule dada wa kiwanda cha nguo, kaegemea gari, na chini yake maneno makubwa kwamba misimu yote iko hapa. Misimu yote! Nikatoa kadi ya kwenye simu nikalipa dola 7.99, ikaongezewa kodi na makato, ikafika elfu 25 na vichele. Risiti ikaja kwenye imeili imeandikwa vizuri kabisa nchi Tanzania, VAT asilimia 18. Kodi hiyo sina ugomvi nayo, tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazotuuzia huduma za mtandaoni zinatakiwa ziikate, sawa, wakate. Ila ujue hiyo maana yake kabla shilingi yangu haijatoka walishajua niko wapi.

Nimeingia ndani, nimetafuta jina, tamthilia ipo. Nikabonyeza pale pa kuchagua msimu. Kuna msimu wa 1. Basi. Hakuna wa 2 wenye kufuli, hakuna maneno ya inakuja karibuni, hakuna chochote, imekaa kama vile wa pili haujawahi kutengenezwa duniani na mimi na dada tulikuwa tunaota pamoja kule Al Khoud kwa kukosa usingizi.

Nikaenda kwenye chati ya huduma kwa wateja. Kwanza kinakupokea kirobo, kinakuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha. Nimezima nimewasha. Kikaniuliza kama nimesasisha aplikesheni. Nimesasisha. Baada ya kama dakika ishirini akaja mtu, mpole sana, akaniomba radhi mara tatu, akasema haki za maonyesho hutofautiana nchi na nchi na jambo hilo limeelezwa kwenye masharti niliyoyakubali. Nikamuuliza na ile picha ya mlangoni inayosema misimu yote, nayo imo kwenye masharti? Akasema hilo atalifikisha kwa wahusika. Nikaomba hela yangu, akasema mwezi ukishaanza haurudishwi ila naweza kusitisha mwezi ujao. Nikayatafuta hayo masharti, kweli lipo hilo neno, liko chini kule kwenye aya ndefu ya Kiingereza, ukifika hapo ujue chai imepoa.

Miezi miwili iliyofuata niliendelea kulipa kwa sababu ya watoto wa kaka, wanazipenda katuni zao, na kwa tumaini la kijinga kwamba msimu wa pili utafika. Haujafika.

Sasa nisionekane siielewi biashara, naielewa. Mwenye tamthilia haiuzi kwa dunia nzima kwa mkupuo, anaikata vipande kama nyama ya buchani, kipande cha nchi za Kiarabu anamuuzia huyu, kipande cha Afrika anamuuzia yule, Ulaya mwingine, na kila mnunuzi anataka kwenye eneo lake awe peke yake. Kuna kituo cha TV pengine kimenunua msimu wa pili kwa upande wetu na kimeukalia, au hakuna aliyenunua kabisa. Aplikesheni inaangalia namba ya intaneti yako, ile IP, inajua uko nchi gani, inakufungulia kabati la nchi hiyo. Na huu mchezo haujaanza na intaneti. Wenye umri wangu mnaikumbuka DVD, kwenye kasha nyuma kulikuwa na kidunia kidogo chenye namba, nchi za Kiarabu na Ulaya ni kanda ya 2, sisi Afrika ya huku tumewekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi, Afrika Kusini wao wakawa kanda ya 2. Mjomba alikuwa anatuletea DVD za Muscat, kwa sheria ya hicho kidunia zilitakiwa zigome hapa. Hazikugoma hata moja, maana deki yetu ilikuwa ya Kichina ya Kariakoo na Mchina yule alipoitengeneza hakutaka kujua umetoka kanda gani. Unatumbukiza, inacheza. Miaka yote hiyo, teknolojia imekwenda mbali, nikajikuta nimerudi nyuma ya deki ya Mchina.

Halafu tusidanganyane kwamba haiwezekani. Netflix tarehe 6 Januari 2016 walifungua nchi 130 kwa siku moja, na sisi tukiwemo, ingawa mwezi huohuo waliofungua mlango ndo wakatangaza watawabana wanaopitia dirishani kwa VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani. Spotify rasmi kwetu ilifika Februari 2021 pamoja na rundo la nchi nyingine, kabla ya hapo watu walikuwa wanadanganya kwamba wanaishi London. Wakenya Septemba 2021 wakapewa Netflix ya bure kabisa kwenye simu za Android, ikadumu mpaka Novemba 2023, na sisi hapa jirani tukasikia tu harufu ya pilau. Disney+ mwaka 2022 ikaingia Afrika Kusini mwezi wa Mei, Juni ikaingia Oman na nchi nyingi za Kiarabu, Misri, Moroko, Tunisia na Algeria zimo, Tanzania hola. Ulaya ndo kabisa, tangu Aprili 2018 wana sheria kwamba ukilipia kwenu Ureno ukaenda likizo Ujerumani unaangalia kilekile ulichokilipia, kampuni isilete hadithi. Mimi kutoka Muscat mpaka Dar ni saa tano na nusu za ndege, na watu wenyewe nusu ni ndugu, lakini kwa tamthilia ni sayari mbili.

VPN nimejaribu, nakiri. Nilishusha ya bure, nikachagua Oman, nikapiga bismillah. Kwanza ilizunguka duara dakika tatu, afu ikafunguka, msimu wa 2 nikauona kwa macho yangu, nikabonyeza ya 18, ikacheza mziki wa mwanzo, mama mkwe katokea kwenye ngazi, ikaganda. Ikaja sentensi kwamba inaonekana unatumia proksi, izime ujaribu tena. Hizi za bure wanazijua zote, watu maelfu wanapita kwenye namba ileile moja, hata mtoto angeshtuka. Za kulipia zinapita wakati mwingine, ila sasa nitalipa aplikesheni, nilipe VPN, nilipe bando, kwa ajili ya mama mkwe mmoja? Na hapa kwetu TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, Oktoba 2023 walitoa tangazo wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo, mimi sina moyo wa kwenda kujieleza kwamba naihitaji kwa ajili ya tamthilia ya Kituruki. Nikaifuta.

Kuna na njia ya tatu, ambayo wote mnaijua mnajifanya hamuijui. Kijana wa pale kona ya stendi, ana kibanda cha kuchaji simu na kuingiza muvi kwenye flashi. Nimeenda kuchaji tu, wallahi, nikamuuliza kwa kupitia. Hata hakuinua kichwa. Msimu wa pili anao wote, wa tatu anao mpaka wiki iliyopita, ukitaka wa kutafsiriwa kwa Kiswahili upo mpaka episodi ya 20, elfu 3 msimu mzima, anakuwekea na nyingine mbili za bonasi. Hajaniuliza naishi eneo gani. Sikununua, na sio kwamba mimi mtakatifu, ni kwamba nilishakasirika nikaona mbona nimeshalipa elfu 75 kwa miezi mitatu kihalali halafu nilipe tena kwa wizi, nitakuwa mjinga mara mbili. Lakini kwa huduma kwa wateja kijana yule anawashinda wale kwa mbali, alichonacho anakwambia anacho, ambacho hana anakwambia njoo Alhamisi.

Na hilo tu ndo ninalolitaka kwa hawa jamaa. Sidai wanunue haki za dunia nzima kesho asubuhi. Nadai waseme kabla ya kunikata hela. IP yangu wanaiona nikiwa bado mlangoni, bei wameshanigeuzia ya Tanzania, kodi wameshanipigia, wanashindwa nini kuandika hapohapo kwamba hii kwenu tuna msimu wa kwanza peke yake? Ningelipa au nisingelipa lakini ningejua. Wakiweka orodha ya kweli ya nchi husika kabla ya kujiunga nawaongezea nyota moja siku hiyohiyo. Na vile vitu mtu alivyovishusha akasafiri navyo wamuachie hata wiki mbili amalizie, itakuwa nyota ya nne. Ya tano ni ya sabutaito za Kiswahili, hiyo sina haraka nayo, Kiarabu wameweka, Kireno wameweka, Kiswahili watu wote hawa bado tunasubiri.

Kama unataka kujiunga pamoja na hayo yote, basi fanya hivi: usiamini picha za mlangoni. Mtafute mtu mwenye akaunti ambaye yuko Tanzania, sio Nairobi wala Dubai, mwambie akutafutie jina unalolitaka na abonyeze mpaka kwenye orodha ya misimu akupigie picha ya skrini. Na lipa mwezi mmoja mmoja, ile ofa ya mwaka waachie wenyewe.

Mimi nimesitisha, yangu inaisha tarehe 19. Dada nilimwambia mapema maana alikuwa ananiuliza kila siku umefika wapi, umefika wapi, yeye kakwama kwenye ya 24 ananisubiri kama tulivyoahidiana, hajagusa ya 25, nikaona aibu. Akacheka, akasema subiri mtoto alale. Saa nne usiku ya kwetu, huko ni saa tano, akanipigia video kwa WhatsApp, kaiegemeza simu kwenye boksi la pampasi imeitazama TV, kairudisha tamthilia mpaka episodi ya 18.

Picha mbovu kweli, TV yote inang'aa kama taa ya gari, sura sizioni, sabutaito ndo kabisa ni mstari mweupe tu. Dada akaanza kunisimulia, anasoma Kiarabu anatoa Kiswahili, na sauti anazigeuza kila mtu na yake, ya mama mkwe kaifanya ya kukwaruza kama ya shangazi yetu wa Tanga, nikamwambia dada wewe ni Lufufu kabisa, yule mtafsiri wetu wa muvi, akaniambia nyamaza kuna mtu anaingia mlangoni. Nani? Ngoja. Dada ni nani? Ngoja kwanza, hata mimi sijamuona uso, ana koti, anageuka, haa! mdogo wangu hutoamini, huyu si yule waliyemzi...

Mtoto akalia, simu ikaanguka kutoka kwenye boksi, nikabaki naangalia dari ya Al Khoud na feni inazunguka. Nimesubiri dakika kumi na tano. Kanitumia meseji, mtoto ana homa kidogo, tutaendelea kesho inshallah, na wala hakuniambia ni nani.